Salamu Ndefu za Mama Adero

Siku za likizo nyumbani kwetu Migosi zilianza kwa Mama kuvaa nusu. Juu alivaa blauzi nyeupe ya ofisini, iliyopigwa pasi hadi kwenye kola, na hereni ndogo zinazong'aa. Chini alifunga leso ile ile aliyolala nayo, akavaa ndara. Alisema kamera haioni miguu, na ofisi zake zote zilikuwa ndani ya kamera. Baba, ambaye ni fundi wa mabomba, alikuwa ameshatoka na mkoba wake wa spana. Mimi nilimimina chai, kisha nikavuta kigoda karibu na meza, kwa sababu mimi pia nilikuwa na kazi.

Nikisema ofisi zake zote, nina maana ofisi tatu. Kwenye kompyuta kubwa, Mama aliwajibu wateja wa kampuni inayouza taa za sola. Kwenye kompyuta ndogo yenye kioo kilichopasuka pembeni, alisikiliza mazungumzo ya Kidholuo yaliyorekodiwa na watafiti, akayaandika kwa Kiswahili. Kwenye simu alikuwa na mradi wa tahadhari ya mafuriko. Kando ya Mto Nyando kulikuwa na watu waliosoma nguzo za kupimia maji kila asubuhi. Walimtumia Mama ujumbe wa sauti, naye aliwaandikia wakulima wa mpunga wa nyanda za Kano kila maji yalipopanda.

Hakuna mwajiri aliyejua kuhusu wenzake. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye sahihi ya Mama, inayosema kwamba saa za kazi ni zake peke yake.

Sikumlaumu. Miaka miwili nyuma, ofisi aliyofanyia kazi mjini ilifungwa bila kuaga. Alifika asubuhi akakuta kufuli mlangoni, na askari akamwambia kwamba wenyewe wamehama. Siku hiyo aliapa kwamba hatategemea mlango mmoja tena maishani. Nilimwona kama mtu hodari kuliko wote katika mtaa wetu, na bado namwona hivyo. Angepewa kazi ya nne, nadhani angeifanyia kwenye redio.

Kazi yangu ilihusu kitone cha kijani. Katika kila kompyuta kulikuwa na kitone kidogo kinachoonyesha kwamba mfanyakazi yupo. Kompyuta ikikaa dakika tano bila kuguswa, kitone kiligeuka kijivu na mkubwa wa kazi akaanza kuuliza maswali. Kwa hiyo Mama alipokuwa huku, mimi nilisukuma kipanya kule. Mtu akiandika jambo, nilijibu, "Nalishughulikia." Neno hilo lilitufaa sana. Lilitosha kwa taa iliyokataa kuwaka, lilitosha kwa mtafiti mwenye haraka, na mimi nikiwa na miaka kumi na miwili nilijiona nimekuwa meneja.

Kati ya wasomaji wa mto, tuliyemjua zaidi alikuwa Mama Adero wa Ahero, mkulima wa mpunga aliyevuka miaka sitini. Ujumbe wake ulikuwa mrefu kuliko wa wenzake wote. Alilelewa kwamba mtu haanzi na shida kabla ya salamu, na hakuwa tayari kubadilika kwa sababu ya simu. Kwanza alisema "Oyawore", yaani habari ya asubuhi. Akamuulizia Baba, akaniulizia mimi kwa jina, akamuulizia kuku wetu aliyeatamia, akaeleza paa jipya la kanisa lao limefika wapi. Nyumba yake ingeshika moto, nadhani angeuliza kwanza kama tumeamka salama. Habari za mto zilikuja mwisho kabisa. Mama alikuwa amezoea kuruka hadi nusu dakika ya mwisho, lakini hilo alisahau kunifundisha.

Jumanne moja, kampuni ya taa na wale watafiti waliitisha mikutano saa ile ile, saa tatu asubuhi. Mama hakutetereka. Alitia kisikilizio kimoja katika kila sikio, akanyoosha blauzi, akazima mlio wa simu na kunikabidhi.

"Caren, leo mto ni wako," aliniambia. "Wakituma sauti, sikiliza. Wakisema maji yamepanda, niguse bega. Kama hakuna neno, bonyeza kitufe cha Kawaida."

Nilifurahi kuaminiwa. Ujumbe wa Mama Adero uliingia saa tatu na dakika kumi, wenye urefu wa karibu dakika nne. Niliweka simu sikioni, mkono mwingine nikisukuma kipanya. Alisalimia. Alimuulizia Baba na mgongo wake. Alimuulizia kuku. Akauliza, "Na Caren wangu, matokeo ya mtihani yametoka?" Hapo mteja wa taa aliandika kwa hasira, na kitone cha kompyuta ndogo kilikuwa karibu kugeuka. Niliona Mama Adero ana mazungumzo yake ya kila siku tu. Nje jua lilikuwa kali, bila wingu hata moja. Nikabonyeza Kawaida, nikamwandikia mteja kwamba nalishughulikia.

Kama kweli ningekuwa meneja, ningekumbuka kwamba Mto Nyando haungoji mvua ya Ahero. Mvua ikinyesha usiku kucha kwenye milima ya Nandi, maji hushuka mchana huku chini wakati watu wanaota jua. Kila mtoto wa Kano anajua hilo, na sisi tuna jamaa huko wa kutosha. Mimi pia nilijua.

Kufikia saa nne na nusu mikutano ilikuwa bado inaendelea, na wateja wa taa walikuwa wametulia. Nilikumbuka swali la mtihani. Matokeo yalikuwa yametoka na nilikuwa nimefanya vizuri, nikatamani kumjibu Mama Adero kwa sauti yangu. Nikaufungua ujumbe wake tena ili nisikie aliniuliza vipi, na safari hii sikuukata.

Baada ya paa la kanisa sauti yake ilibadilika. Alisema maji yamepanda alama tatu tangu alfajiri, ni mekundu na yanabeba magogo. Alisema watu wa vijiji vya chini wametandaza mpunga kwenye maturubai hadi ukingoni, kwa sababu jua ni zuri, na waambiwe wautoe mara moja.

Juu ya kioo cha simu niliona pia kwamba alikuwa amepiga mara nne. Simu ilikuwa imezimwa mlio, na mimi nilikuwa nimeilaza kifudifudi.

Mama alikuwa anazungumza kwenye kamera ya kampuni ya taa, akitabasamu. Ningemgusa bega tu, angenyoosha kidole nisubiri, nilimjua. Ningesema kwa sauti, siri yetu ya mezani ingekwisha siku hiyo. Niliwaza maturubai yale. Nikasimama mbele ya kamera nikiwa na nguo za nyumbani.

"Mama, mto umejaa," nilisema. "Mama Adero alituambia saa tatu. Nilibonyeza Kawaida kabla hajamaliza."

Kwenye kompyuta mtu aliandika, "Mto gani tena?" Mama hakumjibu. Alitoa visikilizio vyote viwili, akanyakua simu, na katika dakika mbili tahadhari ilikuwa imewafikia wakulima wote. Kisha akampigia Mama Adero. Nilisikia upepo na kelele za watu wakiitana. Mama Adero alisema yeye na majirani zake wameshabeba mpunga wao, lakini chini huko hakujua, na hakuwa na muda wa kuongea zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alikata simu bila kuaga.

Hakuna mtu aliyeumia, na tulimshukuru Mungu. Wengi waliuwahi mpunga wao. Familia sita hazikuuwahi, na kwa mkulima wa Kano, mpunga ulio kwenye turubai ni jasho la miezi mingi.

Alasiri Bwana Simiyu, msimamizi wa mradi wa mafuriko, alipiga simu. Alitaka kujua kwa nini tahadhari ilichelewa zaidi ya saa moja. Mama alikuwa amekaa bila hereni. Nilijua kuna jibu rahisi ambalo kila mtu Kenya hii angeliamini: mtandao ulikuwa chini. Nilimwona akifungua mdomo kisha akiufunga. Nikamwambia kwa kunong'ona amwambie ni mimi.

Alifunika simu kwa kiganja. "Wewe ulibonyeza kwa sababu mimi sikuwepo," aliniambia. "Nilikaa kwenye kiti hiki hiki, lakini sikuwepo."

Kisha alimweleza Bwana Simiyu kila kitu: kazi tatu, mikutano miwili, na mtoto aliyeachiwa mto. Bwana Simiyu alisema, "Madam Rachael, nenda Ahero uwaambie wenyewe. Ukirudi tutaongea kuhusu kazi."

Kabla ya jua kuzama, Mama aliwaandikia wale wengine wawili ukweli. Kampuni ya taa ilimwachisha kazi siku iliyofuata. Watafiti walikasirika, lakini baadaye wakamwambia kwamba wao shida yao ni kudanganywa. Kama anataka kuwaandikia kurasa chache jioni, nao wakijua hivyo, basi aendelee. Baba aliposikia yote alikuna kichwa, akauliza tu kwa nini hakuambiwa kwamba kazi zile zilifanywa kwa siri, na swali hilo lilimfanya Mama alie.

Jumamosi tulienda Ahero, na Mama alikuwa amevaa nguo kamili. Mpunga uliolowa ulikuwa umerundikwa kando ya barabara, ukinuka kama uji uliochacha, na mwingine umeanza kuota. Mama alisimama mbele ya familia zile sita, akasema kosa ni lake na lilitokea vipi. Nikasema kidole kilichobonyeza ni changu.

Mwanamume mmoja anayeitwa Obiero alikuwa wa kwanza kusema, na hakupaza sauti. "Sisi tulikuwa tunaangalia simu," alisema. "Tukaona kimya. Tukajua kuna mtu anaangalia maji, basi ni salama. Kama tungejua hakuna mtu, si tungeenda kuangalia wenyewe?"

Mama alivua viatu, nami nikavua vyangu, tukaingia kwenye maturubai pamoja na wengine kuugeuza mpunga ambao bado ungeweza kukauka. Tuliugeuza kwa miguu na mikono hadi migongo ikauma. Saa sita Obiero mwenyewe alituletea maji ya kunywa, akamwonyesha Mama jinsi ya kuburuta mguu bila kuzivunja punje.

Mama Adero alikuja akakaa nasi kwenye ukingo wa turubai. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Mama alimwomba msamaha, akakiri pia kwamba kwa miezi mingi amekuwa akiziruka salamu zake ili awahi kazi nyingine.

"Nyara, nilikuwa najua," Mama Adero alimwambia, akimwita binti yangu kwa Kidholuo. "Watu wanafikiri mimi napenda kuongea. Mimi nasalimia kwanza ndio nijue kama kuna mtu huko. Mtu akinijibu kwamba kuku wake mzima, najua ananisikia, hata maji nikisema atasikia. Wewe ulikuwa unanijibu tu, 'Asante, nimepokea.' Nikasema labda ni mashine."

Mama aliinamisha kichwa.

"Kazi tatu si dhambi," Mama Adero aliendelea. "Mimi nina mpunga, nina ng'ombe, nina mto. Lakini ng'ombe akiwa na shida, naambia Bwana Simiyu leo sisomi, tafuta mwingine. Ukidanganya mtu kwamba uko, unamnyima nafasi ya kujisaidia. Na wewe Caren, kusema ni wewe mbele ya watu hawa, hiyo ilikuwa ngumu, na ulifanya. Usiache."

Bwana Simiyu alimpa Mama miezi mitatu ya kuangaliwa, kwa sharti kwamba asubuhi zote ni za mto. Mama aliona hilo ni haki. Kitone cha kijani bado kipo kwenye kompyuta yetu, ila mimi sikigusi. Kikigeuka kijivu, ni kwa sababu Mama ameenda jikoni, naye huandika kwamba ameenda jikoni.

Jumatatu, saa tatu na dakika tano, ujumbe wa Ahero uliingia. Mama aliweka kikombe chini na tukausikiliza wote, dakika nne na zaidi, hadi mwisho. Maji yalikuwa yameshuka. Kisha alinisogezea simu ili nami nijibu. Nikasema oyawore, Baba mzima na mgongo umepona, kuku ametotoa vifaranga saba, mtihani nimepita, Hisabati nimeongoza darasa, na tumesikia kwamba mto uko chini ya alama ya pili.

Jibu la Mama Adero lilikuja mara moja, na kwa jinsi tunavyomjua lilikuwa fupi mno.

"Sasa kuna mtu," alisema.