Pumzi ya Penfold Road

Jua lilikuwa linazama, lakini lami ya barabarani bado ilinata kwenye viatu, Glenys Tapper alipojitwika begani katoni ya maji ya chupa na kushuka nayo kituoni. Alikuwa msimamizi wa zamu ya jioni pale Penfold Road, kituo cha treni kilichochimbwa chini kabisa ya London.

Kadiri ngazi za umeme zilivyomteremsha ndivyo joto lilivyozidi. Huko chini kiangazi hakina jioni. Udongo unaoyazunguka mahandaki umenyonya joto la breki na injini kwa zaidi ya miaka mia, ukashiba, na sasa unalitapika. Wiki ile feni kubwa ya kituo ilikuwa imekufa, na abiria walikuwa wakizimia. Mafundi, wakisubiri mota mpya, walibomoa ukuta mwishoni mwa jukwaa la kupandia treni na kufungua ujia wa zamani uliozibwa tangu Vita vya Pili vya Dunia, enzi zile watu walipokuwa wakilala humu kukimbia mabomu. Wakaweka mlango wa nondo.

Upepo uliotoka mle ulikuwa wa baridi. Unatoka wapi? Hakuna aliyeuliza. Watu walikuwa wanaungua.

"Glen! Njoo kwenye friji ya bure!" Balbir Sood, mlinzi wa jukwaa, alikuwa ameegemea nondo huku shati likipepea. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja, yeye peke yake ndiye aliyemwita Glen. "Leo nimemwambia Manjit nikichelewa kurudi asidhani nina mwanamke. Nina kipupwe."

"Toka hapo, mvivu we. Shika maji haya ugawe."

Balbir alicheka, akapokea katoni. Abiria walikuwa wamejazana upande ule, nyuso zimelegea kwa raha. Glenys naye akasogea. Upepo ukampiga shingoni, na kwa mara ya kwanza siku nzima akavuta pumzi vizuri.

Kisha akasikia harufu. Sufu iliyolowa. Nta ya mshumaa.

Treni inapokaribia husukuma upepo mbele yake, na ikiondoka huuvuta. Kila mfanyakazi wa huku chini anaujua mwendo huo mwilini mwake. Lakini wakati ule hapakuwa na treni, na bado upepo ule ulikuja… ukatulia… ukarudi ndani. Ukaja tena. Taratibu.

Kama mtu aliyelala.

"Balbir," alinong'ona. "Hebu sikiliza."

Balbir alikuwa anamtazama mwanamke mmoja kati ya abiria. Mwanamke huyo alivaa koti zito la baridi, limefungwa vifungo hadi kooni, na hakuwa na tone la jasho. Alikuwa amemshika mkono mama mjamzito aliyekuwa akiyumba kwa joto.

"Ndani kuna nafasi," mwanamke yule alimwambia kwa upole. "Njoo upoe, mwanangu."

Mlango wa nondo ulikuwa wazi. Glenys alikuwa ameufunga mwenyewe mwanzo wa zamu.

Wote wawili wakaingia.

"We mama! Hairuhusiwi huko!" Balbir alitupa katoni, akakimbia nyuma yao. Glenys naye akawasha tochi, akamfuata.

Ujia ulikuwa mwembamba. Baridi ikamng'ata masikio. Mwanga wa tochi ukagusa ukuta, ukashuka…

Watu.

Walikuwa wamelala safu kwa safu, blanketi mabegani, migongo imeegemea udongo. Wazee. Akina mama. Midomo yao yote ilikuwa wazi, na yote ilivuta hewa kwa pamoja. Kila walipovuta, Glenys alihisi joto likimtoka kifuani kama uzi unaovutwa.

Mama mjamzito alikuwa ameshapiga magoti, anatafuta pa kulala.

"Mwacheni," alisema mwenye koti. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaomba. "Mmoja tu. Hatujapata joto tangu walipotufungia."

Balbir akamwinua yule mama na kumsukuma kwa Glenys. "Mtoe! Mtoe, nakuja!"

Glenys akamkumbatia mama yule, akamburura. Tochi ikaanguka, ikazimika. Gizani akanyoosha mkono nyuma. "Balbir! Nipe mkono!"

Mkono ukamshika. Akauvuta kwa nguvu zake zote, wakaangukia jukwaani wote watatu. Treni ilikuwa inaingia, taa zake kali, na watu wakakimbilia milango kama hakuna kilichotokea.

Mama yule alikuwa analia, yuko salama. Balbir alisimama, akajipangusa suruali.

"Uko sawa?" Glenys aliuliza, meno yakimgongana.

"Niko sawa, Glenys," alijibu, akaenda nyumbani bila kuaga.

Wakubwa waliambiwa kwamba abiria alipotea njia. Asubuhi wakamtuma Colm, fundi wa kuchomelea, akaziba ujia kwa bamba la chuma. Jioni Glenys aliporudi kazini, jukwaa lilikuwa tanuri tena na abiria walikuwa wanatukana.

Simu ya ofisini ikalia. Alikuwa Manjit, mke wa Balbir. Alikuwa anaongea chini chini, kama mtu aliyejificha.

"Glenys, dada yangu, huko chini kulitokea nini? Tangu jana hajala. Hajacheka. Amekaa tu chumbani, na kile chumba… madirisha yametoa ukungu kwa ndani. Binti yangu alilala karibu naye kidogo tu, midomo ikamgeuka samawati."

"Mtoe mtoto chumbani. Muite daktari."

"Nimemuuliza Balbir jina la mama yake mzazi. Hakunijibu. Amenitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka." Manjit akanong'ona, "Ulinirudishia nani?"

Kabla Glenys hajajibu, Colm akatokea mlangoni, uso mweupe kama karatasi. Alikuwa ameshuka kuchukua vifaa vyake.

"Bosi… kuna mtu anagonga nyuma ya chuma."

Glenys aliiacha simu mezani, bila kuikata. Walishuka mbio. Aliwaamuru abiria wote watoke jukwaani, akaweka sikio kwenye bamba.

Ngo. Ngo.

"Glen?" Sauti ilikuwa dhaifu, imekauka. "Glen, acha utani bwana. Nilikwambia nakuja. Nilinyoosha mkono… ukashika wa mwingine."

Vipi kama ni yule mwenye koti, amejifunza sauti ya Balbir? Vipi kama wanataka tu kufunguliwa? Colm alikuwa anatikisa kichwa, anamsihi kwa macho asifanye analotaka kufanya.

"Glen… wananilalia."

"Kata," alisema.

"Bosi…"

"Kata, Colm!"

Cheche zikaruka. Chuma kilichukua muda kukubali, na wakati wote ule Glenys aliongea na bamba, "Tunakuja, Balbir, tunakuja." Mwanzoni alijibiwa. Baadaye akawa anaongea peke yake.

Bamba likaanguka.

Hapakuwa na safu za watu. Hapakuwa na blanketi. Ujia ulienda hatua chache tu, ukaishia kwenye udongo mtupu, mgumu, mweusi, wenye baridi ya kaburi.

Isipokuwa mahali pamoja, chini, pembeni.

Glenys alipiga magoti, akaweka kiganja. Pale udongo ulikuwa na vuguvugu. Akapapasa akifuata lile joto: mabega, mgongo, kichwa kilichoinama. Umbo zima la mtu aliyekaa.

Alibandika viganja vyote viwili, kisha shavu, kisha kifua chake, akiukumbatia ukuta kwa nguvu, akimwita Balbir kwa jina. Huko ofisini juu Manjit bado alikuwa kwenye simu, anangoja jibu.

Na taratibu, chini ya mikono yake, udongo ukapoa.