Usimpe Mtu Yeyote

Kwetu asubuhi huanza na mlio wa cherehani. Mama hushona sare za shule karibu na dirisha, kwenye mwanga. Mimi hukaa mkekani, nashona vifungo. Baba hukaa kwenye kiti chenye mito, mkono wake wa kulia umelala pajani.

Baba alikuwa dereva wa lori, na alikuwa msemaji. Akiingia nyumbani, redio tuliizima, maana haikupata nafasi. Kisha akaugua kiharusi. Mguu ulirudi kidogo kidogo. Maneno yakachelewa. Akitaka maji husema "ma", anakunja uso, anaishia hapo. Si kwamba haelewi. Anaelewa kila kitu. Mdomo tu ndio umegoma.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alimwuliza Mama, "Una sauti yake yoyote ya zamani?"

Mama akacheka. "Tele!"

Zamani Mama hakujua kusoma. Kwa hiyo Baba akiwa safarini hakumwandikia meseji. Alikuwa anarekodi sauti, anamtumia. Mama alizihifadhi zote kwenye akaunti yake ya mtandaoni.

"Basi mwekee asikilize," mtaalamu akasema. "Kipande kifupi, halafu afuatishe. Kila siku. Mkiacha, mdomo unasahau."

Tukafanya hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana. Sauti ya Baba inatoka kwenye simu, nene, ya kujidai: "Mke wangu, tairi limepasuka tena. Usinisubiri kula. Lakini nyama usiimalize!" Mama anasimamisha. Baba anavuta pumzi.

"M... mke. Mke wa..."

"Wangu," Mama anamsaidia. "Sema wangu, usiogope, sitakimbia."

Baba anacheka upande mmoja wa uso. Siku nyingine alifika mpaka kwenye tairi.

Halafu simu ya Mama ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Laini ilipona, simu ikafa. Mama akanunua nyingine iliyokwisha tumika. Akakaa mbele ya Baba, akaanza kufungua akaunti yake.

Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni. Mpaka leo kila anachoandika anakitamka kwa sauti, herufi moja moja. Akaandika neno lake la siri hivyo hivyo, dirisha likiwa wazi. Kisha akaniita.

"Mwanangu, njoo usome hapa. Macho yangu yananidanganya."

Nikasoma. *Kuanzia sasa ni lazima kuthibitisha kuwa ni wewe. Tumekutumia namba. Iandike kwenye kisanduku.* Simu ikalia. Meseji imeingia. Mama akaifuata kwa kidole: namba yenyewe, na chini yake, *Usimpe mtu yeyote namba hii.*

Mama akaifuta palepale.

"Mama! Mbona unaifuta?"

"Hukusoma? Nisimpe mtu yeyote."

"Lakini kile kisanduku kinaitaka."

"Ndiyo huyo mtu yeyote mwenyewe!"

Nilitafuta kosa liko wapi, sikuliona. Huku wanasema iandike. Kule wanasema usimpe mtu. Na wote wanatumia jina la kampuni ile ile.

"Labda huyu ni wao, na yule ni mwizi," nikasema.

"Yupi ni yupi?"

"Sijui."

Mama akaweka simu chini. "Hebu niambie. Nina nyumba yangu. Nina ufunguo wangu. Nimefungua, nimeingia. Halafu ninapofika sebuleni kwangu mtu ananisimamisha, ananiuliza, 'Wewe nani?' Nimjibu nini?"

Kesho yake akakubali kujaribu, shingo upande. Akaomba namba. Haikuja. Akaomba tena. Zikaja mbili kwa pamoja. Akaandika ya kwanza. *Namba si sahihi.* Akaiandika tena kwa kubonyeza kwa nguvu, kama vile simu ni kiziwi. *Namba si sahihi.* Akaomba nyingine. Mwisho kikatokea kitu kipya: *Umejaribu mara nyingi mno. Jaribu tena baadaye.*

"Baadaye lini?" Mama akaiuliza simu. "Baadaye ya leo, au baadaye ya mwakani?"

Baba akanyoosha kidole kwenye simu. "Mke," akasema. Ilikuwa saa ya mazoezi.

Mama akageukia dirishani. "Leo hapana, baba watoto. Wamenifungia nje."

Tulijaribu bila ile sauti. Mama alisema maneno, Baba ayafuate. Haikuwa sawa. Baba alitazama mdomo wa Mama, akachoka upesi, akafumba macho. Siku zikapita. Mchana mmoja alitaka maji. Hakusema "ma". Alionyesha kikombe kwa kidole tu. Mama akampa maji, akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa shati juu chini. Mama hakosei mikono ya mashati.

Jirani yetu anafanya kazi posta, kwenye dirisha la vifurushi. Mtaa mzima unamwita Mama Stempu. Jioni hiyo alileta sketi ipunguzwe kiuno. Akamkuta Mama anafumua mkono wa shati.

"Leo fundi kakosea?" akatania. "Basi sketi yangu naondoka nayo."

Mama hakucheka. Akamweleza yote, kwa haraka, na kwa hasira. Mama Stempu akavuta kigoda.

"Jirani, nikuulize. Kifurushi chako kikifika posta, unakuja na nini?"

"Na ile karatasi mnayonitumia."

"Nikikupa kwa karatasi tu, je? Kama umeiangusha njiani, akaiokota mwingine?"

"Atachukua mzigo wangu."

"Ndiyo maana nakuomba na kitambulisho. Unaninunia, najua. Wote mnaninunia. Lakini aliyeokota karatasi hana kitambulisho chako. Akaunti nayo ni hivyo hivyo. Neno la siri ndiyo karatasi. Namba ndiyo kitambulisho. Inakuja kwenye laini yako, na laini yako unayo wewe."

"Neno langu halijaanguka popote," Mama akasema. "Liko kichwani. Ni m, a, t—"

"Nyamaza!" Mama Stempu akaziba masikio. "Usiniambie! Na mimi dirishani kwangu nakusikia kila ukiliandika. Hata wauza mkaa wanalijua."

Mimi nikainama kwenye vifungo vyangu. Baba mabega yalikuwa yanamtetemeka kwa kicheko.

Mama akaona haya kidogo. Kisha akashika lile lililomkaa rohoni. "Sawa. Lakini wameandika nisimpe mtu yeyote. Halafu wanaitaka. Hapo ndipo waliponichanganya."

Mama Stempu akafikiri. "Kweli, wameandika vibaya," akasema. "Hata mimi ilinisumbua mwanzoni. Sikiliza. Kile kisanduku, nani alikifungua?"

"Mimi."

"Kisanduku si mtu. Hakina mdomo, hakina masikio, hakiendi kusimulia. Ukiwa umekifungua mwenyewe, unaiandika humo, basi. Mtu ni yule anayekuomba. Akikupigia, ni mtu. Akikuandikia, ni mtu. Akisema ni wa kampuni, bado ni mtu. Hata mimi ni mtu. Usinipe."

"Hata mwanangu?"

"Hata yeye. Akusomee kama umeshindwa, mkiwa mmekaa hapa pamoja. Lakini isitoke nje ya mlango huu."

"Kisanduku si mtu," Mama akarudia. Baba naye alikuwa anamtazama Mama Stempu, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayefuata mpira.

"Na ile ya kukataa kila namba?"

"Uliomba nyingi. Ukiomba mpya, ya zamani inakufa. Omba moja, halafu subiri. Ikija, usiifute, iandike upesi maana haikai sana. Wakikufungia, acha simu mpaka kesho. Usiibembeleze."

"Siwezi kuwaambia waache kabisa mambo haya?"

"Wamesema ni lazima. Inaudhi, najua. Mimi nikiwa na haraka huitukana. Lakini ndiyo iliyopo."

Kesho yake Mama Stempu alipita kabla ya kwenda kazini. Mama akaandika neno la siri. Akaomba namba moja. Tukasubiri. Mkono wa Mama ulitaka kuomba tena, Mama Stempu akaushika. Meseji ikaingia. Mama akaiandika kwenye kisanduku. Akaunti ikafunguka, sauti zote za Baba zikiwa zimepangana, kama tulivyoziacha.

Mama akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Usilie bado, kuna kazi," Mama Stempu akasema. Akamwonyesha mahali pa kupata namba za akiba, za kutumia siku laini ikipotea. Mama akazinakili kwenye karatasi, akaifungia kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. "Na neno la siri ubadilishe leo hii. Mdomo ukiwa umefumba." Akatoka mlangoni, kisha akarudisha kichwa. "Na jingine. Namba ikija na wewe hujaiomba, ujue kuna mtu anajaribu mlango wako. Usiogope. Usimpe tu."

Mama alisema atabadilisha akimaliza mazoezi. Yeye na Baba walikuwa na hamu, hawakungoja mchana. Sauti ya safarini ikatoka: "Mke wangu, hapa mvua inanyesha kama imetumwa." Baba akafuata, "Mke. Mke wangu." Mama akapiga makofi.

Meseji ikaingia. Namba. Hakuna aliyeiomba.

Mama akanitazama. Kabla sijasema kitu, simu ikaita. Mama hupokea simu zote kwa spika, tukasikia wote. Sauti ya kijana, laini, ya heshima.

"Shikamoo mama. Nakupigia kutoka huduma kwa wateja. Akaunti yako ina hitilafu, tunakusaidia. Kuna namba imeingia sasa hivi, si ndiyo?"

"Marahaba. Ndiyo, imeingia."

"Nisomee tu, mama yangu, tumalize."

"Mbona nimeambiwa nisimpe..."

"Ni kweli kabisa mama, usiwape matapeli. Sisi ndio tuliokutumia. Ni namba yetu, unaturudishia tu."

Mama akachanganyikiwa. Nilimwona. Maneno yale yalikaa vizuri: wametuma wao, wanaomba wao. Na mimi nilichanganyikiwa. Nilijua kuna kitu hakiendi sawa, lakini kijana aliongea kama mtu wa ofisini.

"Mama, fanya haraka," sauti ikasema. "Muda ukiisha, mfumo utafuta kila kitu. Picha, meseji, sauti. Vyote. Na havirudi."

Mama alishtuka aliposikia "sauti". Akamtazama Baba. Akaisogeza simu karibu na macho. Kidole chake kikaenda kwenye tarakimu ya kwanza, na mdomo ukafunguka, ule mdomo wake unaotamka kila kitu.

"Mmm," Baba akasema.

Tukageuka. Baba alikuwa amejisogeza mbele ya kiti. Mshipa wa shingo umemtoka. Anatikisa kichwa.

"M... m... mtu."

"Unasemaje, baba watoto?"

Baba akaionyesha simu kwa mkono wake mzima. "Mtu!"

Mama akafunga mdomo. Kisha akauliza, polepole, kwa adabu:

"Samahani mwanangu. Wewe ni mtu?"

"Eh? Ndiyo mama, mimi ni mtu. Niko hapa ofisini."

"Basi pole sana. Hapa wameandika nisimpe mtu. Ungekuwa kisanduku ningekufikiria."

"Mama, nakuonya, vitafutika!"

Mama akakata simu. Akafungua akaunti, akashuka na sauti moja moja, ya mvua, ya tairi, ya nyama. Hakuna iliyofutika. Akabadilisha neno la siri palepale, dirisha limefungwa na midomo ameibana mpaka ikapauka. Siku zilizofuata zikaja namba nyingine mbili tatu bila kuombwa. Alizifuta akiendelea kushona.

Lakini siku ile, alipomaliza, alirudi kwa Baba kuendelea na mazoezi. Akatafuta pa kuanzia. Kidole kikasimama.

"Mwanangu," akaniambia, "lile neno alilosema. Limo kwenye sauti gani?"

Nikafikiri. Sauti zile nimezisikia zote, nikishona vifungo. Tairi limo. Mvua imo. Mke wangu imo kila mahali.

"Halimo, Mama," nikasema. "Amelitoa mwenyewe."