Projekta ya Jeconia na Blanketi la Kijani

Siku Jeconia alipoondoka nyumbani kwake Kianda, mtaa wa Kibera, ilikuwa Jumatano kama Jumatano nyingine. Binti yake Nereah alikunywa uji, akafunga kamba za viatu, akamuaga baba yake bila kumtazama kwa sababu alikuwa akitafuta rula. Aliporudi kutoka shuleni saa kumi, aliwakuta majirani wamejaa mlangoni na viti vya ndani vimetolewa nje. Kifua kilikuwa kimembana Jeconia kazini, akakimbizwa hospitalini, na huko hakutoka mzima. Walimzika nyumbani kwao, karibu na ziwa, mwezi wa nne mwaka wa 1997.

Aliacha mke, binti mmoja wa miaka kumi na miwili, na projekta kuukuu aliyoinunua katika ofisi moja ya mjini iliyokuwa ikiuza vyombo vyake vya zamani. Kila Jumamosi saa nane mchana alikuwa akiziba madirisha kwa magunia, anatundika shuka jeupe ukutani na kuwaonyesha majirani filamu. Filamu zenyewe zilikuwa za Kichina na Kihindi. Jeconia alisimama kando ya shuka akizisimulia kwa Kiswahili cha Kibera. Adui alitukana kama makanga wa matatu, na bibi harusi alilia kama shangazi yako.

Baada ya matanga, Whitney alikuja kutoka mtaa wa Kawangware kukaa nao. Alikuwa na miaka kumi na minne, binti wa kaka mkubwa wa Jeconia. Jumamosi ya kwanza Mama aliweka kaseti kwenye deki ya video, lakini hapakuwa na mtu wa kusimulia. Watu walianza kuguna. Ghafla Whitney akasimama pale aliposimama baba mdogo wake, akafungua kinywa.

"Wewe mzee wa ndevu, rudisha ng'ombe za watu! Unafikiri hapa ni kwa mamako?"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Mama alicheka, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Jamani, ni sauti ya Jeconia kabisa," akasema.

Nereah, aliyekuwa ameketi nyuma kando ya projekta, alihisi kitu kikimng'ata moyoni. Mtoto wa Jeconia ni nani hapa, mimi au yeye? alijiuliza. Sauti yake mwenyewe ilikuwa ndogo, hata mwalimu alikuwa akimwambia arudie jibu. Kazi yake ilikuwa kuwasha mashine na kuilinda isiguswe. Nani humtazama anayelinda mashine?

Wiki zilivyopita, kila jambo lilimwongezea chumvi kwenye kidonda. Majirani walimsalimu Whitney kwanza. Mama alimpakulia Whitney kabla yake. "Yeye ni mgeni," Mama alisema, lakini Nereah alihesabu hata vipande vya samaki.

Projekta nayo ilizidi kunguruma. Jumamosi moja kijana mmoja wa benchi la nyuma alipaza sauti.

"Nereah! Hiyo ndege yako itapaa lini? Hatumsikii Whitney!"

"Imebeba abiria wengi," mwingine akadakia. Watu wakacheka.

Mama alimjia na kumnong'oneza. "Hebu tafuta namna, mwanangu. Watu wanakuja kumsikia Whitney, hawaji kusikia feni ya mashine."

Maneno hayo yalimchoma. Jumamosi iliyofuata, kabla watu hawajaingia, Nereah alichukua blanketi la kijani la baba yake, lile alilojifunika yeye tangu mazishi, akaizungushia mashine nyuma na ubavuni. Aliacha jicho lake la kioo tu. Kelele zikafifia kama mtu aliyefungiwa chumba cha pili.

Alikaa akingoja mtu amsifu. Badala yake yule kijana wa nyuma alisema, "Leo Whitney amekula nini? Sauti imetoka kweli!" Mama akampigapiga Whitney begani.

Kwa gizagiza lile hakuna aliyeliona blanketi. Nereah alihisi joto likimpiga gotini. Baadaye harufu ilianza, kama pasi iliyosahauliwa juu ya sweta. Alijua. Mkono wake uliinuka kuliondoa blanketi, halafu ukarudi mapajani. Acha izime kidogo, aliwaza, tuone atasimulia nini gizani.

Tak! Shuka likawa jeusi.

Watu walipiga mayowe. Nereah alivuta blanketi haraka, akalisukuma chini ya benchi. Magunia yalipotolewa madirishani, Mama alikuwa amekwisha kuinama juu ya mashine. Aliigusa, akaurudisha mkono upesi.

"Mbona inaungua hivi? Nani aliifunika?"

"Whitney," Nereah akasema. "Alisema inamzidi sauti."

Whitney aligeuka. "Mama mdogo, si mimi," alisema.

Lakini uongo ule ulifanana sana na ukweli. Mama aliketi juu ya benchi. "Kitu pekee alichotuachia," akasema. "Whitney, funga mizigo yako. Kesho tukitoka kwa fundi, utashika njia ya Kawangware."

Asubuhi wote watatu walikwenda kwa fundi mtaani Makina, Whitney akiwa amejitwika projekta kichwani, Nereah amebeba mfuko wa nguo za Whitney. Haukuwa mzito, lakini njia nzima aliuhamisha kutoka mkono huu hadi ule. Alikuwa amepata alichotaka. Kwa nini basi hakikumfurahisha?

Mzee Lukman, fundi wa redio, alifungua skrubu za mashine na kuguna. "Salale! Vumbi la mwaka mzima." Alipuliza, wote wakapiga chafya. "Mama, ndani mna taa kali kama jiko la makaa. Feni hii ndiyo pua yake. Sasa mtu akikoroma, unamziba pua? Utapata kimya, ndiyo. Lakini kimya cha namna gani?"

"Imekufa?" Mama aliuliza.

"Ina bahati. Kuna swichi ndogo humu inayokata umeme joto likizidi. Nayo imefanya kazi yake." Alichomoa kitu kwa koleo, akakiweka mezani bila kukijali. Kilikuwa kishungi cha nyuzi za kijani, kimeungua ncha.

Mama alikuwa akitazama taa, hakukiona. Whitney alikiona. Alikitazama, akamtazama Nereah, kisha akakifunika kwa kiganja chake.

Nereah aliungoja mkono ule ufunguke. Haukufunguka.

"Mama," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Mama, ni mimi. Niliifunika kwa blanketi la Baba. Nilisikia harufu nikaiacha iungue. Nilitaka Whitney ashindwe mbele ya watu."

Whitney akafungua kiganja, nyuzi za kijani zikaonekana. Mzee Lukman aliendelea kupangusa, macho chini.

"Ulijua?" Mama alimwuliza Whitney. "Mbona hukusema?"

"Nimejua sasa hivi. Ni blanketi la baba mdogo," Whitney alijibu. "Sikutaka litajwe vibaya."

Mama aliwavuta wote wawili. "Mimi nina kosa langu. Nilikuwa namtafuta marehemu katika kinywa cha Whitney, nikasahau kwamba ameacha mtoto. Whitney, nisamehe, huendi popote. Na wewe Nereah, sikiliza. Kuona wivu si dhambi, humpata kila mtu. Ulipoumia ungeniambia. Ulinyamaza ukaficha, kisha ukadanganya, na uongo wako karibu umfukuze mtu asiye na kosa. Ukweli unaouma leo ni afadhali, kwa sababu huumiza aliyekosea peke yake."

"Nisamehe, Whitney," Nereah alisema.

"Nimekusamehe. Lakini mfuko wangu utaubeba wewe mpaka nyumbani."

Mzee Lukman alicheka, kisha akawafundisha. Alitia tone la mafuta ya cherehani kwenye feni, akakata soli za ndala kuukuu na kuzibandika chini ya mashine ili isitetemeke juu ya meza. Aliwaambia waiweke ndani ya sanduku la mbao lililo wazi mbele na nyuma, wabandike sponji kwenye mbao, na kati ya sponji na mashine pawe na nafasi ya shubiri moja. Nyuma ya sanduku watoboe mabati ya ukuta wa nyumba ili hewa ya moto itoke nje.

"Na vumbi msilingoje mwaka," alisema. "Nusu ya kelele ni vumbi."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya shule, Nereah alifungua kifuniko cha projekta na kuifagia kwa brashi, naye Whitney alimshikia skrubu.