Machipukizi ya Mtende Mmoja

Katika mashamba ya Nefta, mji wa jangwani, hakuna aliyekwea mtende kwa wepesi kama Lazhar. Kila majira ya kuchavusha alipanda juu na mashada ya maua dume aliyokabidhiwa chini na mkewe, Hedia. Lakini mwaka ule alipanda mtende mmoja tu, akashuka, akaketi mchangani akihema.

"Baba Rim, mtende mmoja tu?" Hedia aliuliza.

"Uzee huo, mke wangu."

"Uzee gani? Baba yako alipanda mpaka meno yakamwisha."

Lazhar alicheka. Hedia hakucheka. Suruali ya mumewe sasa ilifungwa kwa kamba. Kila usiku shuka lililowa jasho. Na shingoni, chini ya sikio, palikuwa na uvimbe mkubwa kama tende. Haukuuma, ndiyo maana aliupuuza.

Walipofika nyumbani, walimkuta mama mkwe, Bibi Dhahbia, amekwisha tia chuma kwenye makaa.

"Keti hapa, mwanangu. Baba yako nilimchoma mgongo, akapona."

"Mama, tupite kwanza zahanati," Hedia alisema kwa sauti ndogo.

"Zahanati! Wamkate? Uvimbe ukiguswa na kisu hutawanyika mwili mzima. Au unautamani ujane?"

Hedia hakuwahi kumpinga mkwewe. Hata hivyo alimshika mumewe mkono, akamwinua.

"Namtaka mume wangu, Mama. Ndiyo maana tunakwenda."

Bibi Dhahbia alijitanda shuka lake. "Basi nami nakuja. Nikawaone hao wakataji."

Muuguzi Selwa wa zahanati alikuwa binti wa Nefta. Alimpapasa Lazhar shingoni, kwapani na kwenye kinena.

"Uvimbe huu ulianza lini?"

"Tangu mavuno."

"Tangu mavuno! Tena unatoka jasho na unakonda? Kaka Lazhar, leo nakuandikia uende hospitali kubwa."

"Ni nini hasa?" Hedia aliuliza.

"Hii ni tezi. Ndani yake mna askari wa mwili, seli za kinga. Ukiumwa koo, askari hao huzaliana ili wapigane na vijidudu. Tezi huvimba. Vita vikiisha, hunywea."

"Hii haikunywea."

"Ndiyo shida. Mara chache, katika kuzaliana huko, askari mmoja huharibika. Hasikii tena amri ya kuacha. Anazaa, na wanawe wanazaa, wote wabovu kama yeye. Ikiwa hivyo, ndiyo saratani iitwayo limfoma. Adui hakutoka nje, ni askari wetu wenyewe."

"Na mtamjuaje katikati ya wenzake?" Bibi Dhahbia alidakia.

"Bibi, shamba la mitende iliyoota kwa kokwa likoje?"

"Vurugu tupu! Kila mti na tende zake, na nusu ni madume."

"Na mitende iliyotokana na machipukizi ya mama mmoja?"

"Yote sawa na mama yao. Hata mtoto anajua."

"Basi tezi yenye vita vya kawaida ni shamba la kokwa, ina askari wa kila namna. Tezi yenye limfoma imejaa machipukizi ya mama mmoja. Daktari hukata kipande cha tezi, akakipima. Akijua ni askari wa aina gani aliyepotoka, anajua na dawa ya kumfaa. Ukichoma, unaacha kidonda na tezi haipimiki vizuri."

"Na kisu hakitawanyi?"

"Hapana. Kinachotupa hasara ni kuchelewa."

Bibi Dhahbia alifikiri. "Mtende nisioujua mama yake sijawahi kuupanda shambani mwangu," alisema. "Haya, mkateni."

Hospitali kubwa walimkata kipande cha tezi, na jibu likaja: limfoma, iliyotokana na seli za kinga zinazotengeneza silaha za kunasa vijidudu. Mojawapo ya dawa zake hutafuta alama iliyo juu ya seli za aina hiyo na kusaidia kuziua. Lazhar alianza kutundikiwa dripu. Nywele zikaanguka.

"Kichwa kama tikiti!" mama yake alimtania, kisha akageuka kufuta machozi.

Katikati ya matibabu Lazhar alikataa kuamka. "Nimechoka. Niacheni."

"Choka, lakini choka ndani ya basi la kwenda hospitali," Hedia alimjibu, akamvisha viatu. Uvimbe ulikuwa umepungua, naye Hedia aliuona kwa macho yake.

Dripu ya mwisho ilipopita, walirudi kupigwa picha ya mwili. Daktari aliitazama, akatabasamu.

"Limfoma haionekani tena. Tutaendelea kukuchunguza. Leo nendeni mkale mshibe."

Bibi Dhahbia alitoka hadi kwenye ujia, akapiga kigelegele mpaka madirisha yakalia.

Muuguzi mmoja alikuja mbio. "Mama, hapa ni hospitali!"

"Najua! Arusini tunapiga kwa jambo dogo kuliko hili!"

Ndani ya chumba cha dripu, mwanamke asiye na nywele aliitikia. Mwingine akadakia. Hedia, ambaye hakuwahi kupaza sauti mbele za watu, alifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akakiondoa, akapiga kigelegele kilichowashinda wote.