Bernadina Binti Nani?

Kila jioni, Agripina alipomaliza kuosha vyombo, alimshika mkono bibi yake wakaenda darasa la kisomo cha watu wazima, pale Masuguru, Korogwe. Bibi Bernadina alibeba ubao wake kwapani kama mtoto wa darasa la kwanza. Miaka ile wazee nchi nzima walikuwa wakijifunza kusoma, naye hakutaka kubaki nyuma.

Jioni moja mwalimu aliwaambia waandike majina yao na ya baba zao. Bibi aliandika "Bernadina binti", chaki ikasimama.

"Binti nani, mama?" mwalimu aliuliza.

"Binti misheni huyo!" alidakia mzee mmoja. Darasa likacheka. Bibi hakucheka.

Njiani alisema, "Mjukuu wangu, nilipelekwa misheni mdogo sana, wakati wa njaa ya vita vya Wajerumani. Kila nikiuliza kwetu ni wapi, naambiwa kwenu ni hapa. Nimezeeka nikijua kwamba nilitupwa. Lakini kitabu cha ubatizo kipo parokiani, na padri amekubali kisomwe. Miguu yangu haikiwezi kile kilima cha parokia, na mwandiko wa zamani siujui. Kesho nenda ukanisomee."

Ilikuwa likizo ya Pasaka. Agripina alifika njia panda tu, akakuta wenzake wanacheza rede. Akacheza mpaka jua likazama. Aliporudi, Bibi alikuwa bado amekaa mlangoni.

"Umekiona?"

"Nimekiona, bibi. Mchwa wamekila."

"Chote?"

"Chote."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Tangu siku ile kisomo akaacha, na ubao ukakaa nyuma ya mlango.

Mvua zikapita, mavuno yakapita. Kila alipotoka shule Agripina aliuona ule ubao, umeshika vumbi, na neno "binti" bado lipo. Mwisho alipanda kile kilima peke yake. Padri Fransisko akamwekea mezani kitabu kizito, kizima, hakina hata tundu. Agripina akasoma polepole, kidole juu ya mstari: Bernadina, zamani Mwaija. Baba, Isihaka. Kijiji, Kwa Mhina, Misima. Ameletwa na mama yake. Njaa.

Alishuka mbio akapiga magoti mbele ya Bibi. "Mchwa hawakuwepo, bibi. Sikwenda. Nilikuwa nacheza." Kisha akamsomea alichonakili.

"Mwaija," alinong'ona Bibi, kana kwamba analionja lile jina. Halafu akasema, "Nipe viatu vyangu."

Baba yake Agripina, Filemoni, aliwapeleka kwa basi hadi Handeni, kisha Misima. Katika ofisi ya kijiji, katibu kijana alitikisa kichwa. "Kwa Mhina? Hakuna. Hapa kuna Mtaa wa Umoja, Mtaa wa Juhudi na Mtaa wa Azimio. Vibao si mnaviona?"

Nje, mwanamke aliyekuwa akitwanga aliangua kicheko. "Msimsikilize huyo, alikuja jana! Azimio ndiyo Kwa Mhina. Wakati wa vijiji vya ujamaa walitupakia kwenye lori na kuku wetu, nyumba zetu wakazibomoa. Vibao wakaandika wao. Jina tukaja nalo wenyewe. Nendeni kwa Mzee Athuman, yeye ni mjukuu wa Isihaka."

Mzee Athuman aliitikia shikamoo ya Agripina, akawakaribisha kivulini mwa nyumba. "Mwaija!" aliita. "Lete kigoda!"

Bibi alishtuka, akataka kuitika. Kumbe alikuwa akiitwa msichana mdogo, aliyetoka ndani na kigoda.

Filemoni alipoeleza safari yao, mzee alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama mdogo! Ni wewe? Hukutupwa. Mvua iliponyesha, bibi yetu alikufuata misheni na kikapu cha mahindi. Wakamwambia mtoto ameshabatizwa, si wako tena. Akarudi tena na tena. Wenye amri ndio walivyo, mama. Jana walichukua mtoto, leo wamehamisha kijiji, na mwenyewe haulizwi. Basi kila kizazi tunamwita msichana mmoja Mwaija, nafasi yako isiote majani. Mama yangu, Hamisa, ndiye dada yako. Tumemzika mwezi uliopita."

"Pasaka alikuwa mzima?" Bibi aliuliza.

"Pasaka? Alikuwa shambani, anapalilia."

Hakuna aliyemtazama Agripina. Hilo lilimuuma kuliko kuchapwa.

Walikwenda kaburini. Udongo ulikuwa bado mwekundu. Bibi alikaa chini akalia kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeogopa kusikika. Agripina alilia nyuma yake. Baadaye Bibi alimvuta karibu.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sikufichi: uongo wako umenilia dada. Sikiliza, Agripina. Mtu asiyejua kusoma akikutuma, amekuazima imani yake yote. Macho yako ni macho yake. Usiyafumbe tena, wala kwangu, wala kwa mwingine yeyote."

"Sitayafumba, bibi."

Bibi aliokota kijiti, akaandika juu ya udongo, polepole: Mwaija binti. Kijiti kikasimama.

"Isihaka inaandikwaje?"

Agripina alifuta machozi, akamtajia herufi moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.