Sukari Mara Mbili

Paa!

Pasi ilimtoka mkononi kwa mshtuko. Harusi ilikuwa keshokutwa, na bibi harusi alikuwa amebakiza kitambaa kimoja tu cha meza. Kabla hajainama kuiokota, simu ikaita. Ni mchumba wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Povu kwa ule mvinyo wake wenye povu, wa zabibu na nanasi.

"Usije stoo!" Fundi alinong'ona. "Chupa zinapasuka. Nimejibanza kwenye kona, na mlango uko upande wa pili."

"Umeumia?"

"Sikio linatoka damu kidogo. Sielewi! Sukari ya povu ikizidi chupa hupasuka, lakini ni kijiko kimoja kila chupa, nilipima mwen..."

Paa! Paa!

Simu ikakatika. Lakini yeye alielewa vizuri sana.

Wiki tatu nyuma, Fundi akiwa safarini, alimwachia kazi moja. Makreti yalikuwa tisa. Yenye alama ya chaki yalishatiwa sukari, na matatu yasiyo na alama ayatie yeye sukari aliyokwisha kumpimia. Lakini bibie na usafi wake akaanza kwa kupangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, na chaki yote ikaenda na maji. Akabahatisha matatu ya chini ya dirisha, kisha akayachora chaki yote tisa na kufunga mdomo. Angesema nini kwa mtu aliyewahi kumfokea mpaka majirani wakachungulia, kosa lenyewe kusogeza pipa?

Ujumbe wa Fundi ukaingia: "Ni kaka yangu huyu. Juzi alikuja kushikashika chupa. Nikitoka mzima nampeleka polisi, na harusini asikanyage!"

Akinyamaza, shemeji ataonewa, na mchumba, asiyejua ni makreti gani ya kukwepa, atakufa. Akisema, harusi ndiyo basi. Akapiga simu.

"Si kaka. Ni mimi. Nilifuta chaki, nikatia sukari kwa kubahatisha. Yenye sukari mara mbili ni yale matatu ya dirishani."

 

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Na siku ile ulikuwa nao?"

Akakata simu. Akalivuta godoro kitandani, akatoka nalo mbio mpaka stoo.

"Rudi! Umechanganyikiwa?"

"Pita nyuma yangu!"

Alijikinga kwa godoro, akasimama kati ya Fundi na dirisha, macho kayafumba. Paa! Vigae vya chupa vikachoma kitambaa cha godoro, mvinyo ukamlowesha miguu. Hakusogea, mpaka mkono wa Fundi ulipomvuta nje.

Walianguka uani. Fundi alimtoa kigae kwenye nywele.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

"Mimi? Kuliko chupa hizi?"

"Chupa nimezikabili leo. Wewe nimeshindwa kukukabili wiki tatu."

Fundi akakaa chini kwenye vumbi, machozi yakamtoka.

"Nisamehe. Sikujua nimekuwa mtu wa kuogopwa hivyo."

"Na harusi?"

"Ipo, kama bado unanitaka."

"Nakutaka. Lakini ukinifokea tena, nabeba godoro langu narudi kwetu."

"Godoro lenyewe limejaa vigae," Fundi alisema, akacheka huku analia. "Na kaka nitampigia sasa hivi nimuombe radhi. Ujumbe ule nilimtumia na yeye."

"Mungu wangu! Na wageni watakunywa nini?"

"Maji. Wakinuna, shauri yao."

Paa! Ndani, nyingine. Wakakumbatiana kwa hofu.

"Hiyo ndiyo ya mwisho?" Fundi aliuliza.

Bibi harusi alimtazama machoni.

"Sijui," akasema. Fundi akamkumbatia zaidi.