Msemaji Aliyewapa Wakwe Mbuzi

Asubuhi moja mjini Kamina, Mbiya aliketi kando ya mbabula, jiko la makaa, akilinda maharagwe. Mkewe, Florentine, alikuwa amekwenda sokoni. Maji yakaisha, maharagwe yakaungua, moshi ukajaa uani. Florentine aliporudi, alimkuta Mbiya pale pale, macho yake kwenye sufuria.

"Papa Gracia, haukusikia harufu?"

"Nilisikia," alisema Mbiya. "Nilikuwa najiuliza inatoka kwa nani."

Zamani mtu huyu alikuwa na ulimi wa kuazimwa. Familia za Kasai zilipotaka kuoza binti, zilimwita awe msemaji wao mbele ya wakwe. Alijua la kusema na la kunyamazia. Lakini tangu kaka yake mkubwa azikwe, mwaka na zaidi, Mbiya alikuwa amezimika. Halali, hana hamu ya bukari, ugali wa kwao, wala ya mazungumzo. Alianza maneno akayaacha njiani. Hata kuchagua shati kulimchosha. Alijiona mtu bure.

Hapo ndipo watu wa Bukama walipokuja kumposa binti yake, Gracia. Msemaji wao alikuwa Kabongo, mjomba wa kijana, mtu wa tumbo na kofia. Katika kuhesabu mahari, walipofika kwenye mbuzi wa mama, ambaye hutolewa na upande wa kijana, Mbiya alisimama. Mawazo yakamtoka yote. Aliona mdomo wa Kabongo ukicheza tu, kwa hiyo akashika neno la mwisho alilosikia.

"Mbuzi, ndiyo," alisema. "Tutawaletea."

Kabongo hakungoja. "Tunaitika," alisema, na watu wake wakapiga makofi.

Upande wa binti kutoa mbuzi! Kesho yake habari ilikuwa imekwisha kufika Base, kambi ya jeshi, na wake za askari walicheka mpaka wakashika mbavu. Umba, kaka yake Florentine, alikuja mbio, akiamini shemeji yake amerogwa.

"Bamemuloka," alisema. "Ao akili imeisha. Siku ya dot, minyi njo nitasema."

Umba, aliyetaka sasa kuwa msemaji siku hiyo ya mahari, aliwahi kusema kwenye posa moja mpaka bwana arusi akasinzia.

"Papa njo atasema," alijibu Gracia. "Kama hapana, siolewe."

Mbiya aliwasikia wote wawili na akaumia. Alitaka sana kumsemea mwanawe. Lakini moyoni aliogopa kwamba Umba alisema kweli, na akili yake imekwisha.

Jirani yao Lucienne ni muuguzi wa kituo cha afya. Jioni hiyo aliingia, akavuta kiti, akamuuliza Mbiya habari za usingizi, chakula na mawazo.

"Papa Mbiya, unawazaka kujiua?"

"Hapana. Nawazaka tu kulala."

"Muzuri unaniambia. Ungesema ndiyo, tungeenda kwa docteur sasa hivi. Lakini kesho tutaenda. Naona iko dépression."

"Dépression ni huzuni," alisema Umba. "Yeye iko nasahau. Ni mambo mbili."

"Ni ugonjwa moja, Papa Umba. Haushike roho tu. Unashika na kichwa. Muntu anasahau, hawezi kufuata maneno, hawezi kuchagua. Si bulozi, si buvivu. Na unatunzwa."

Daktari alimpima Mbiya damu na presha, asije akawa na ugonjwa mwingine. Kisha akampa dawa ya kila siku. Alimwambia wazi kwamba itachukua majuma kadhaa kufanya kazi, na asiiache bila kumuuliza. Kila juma Mbiya alikwenda kuzungumza na Lucienne. Pombe kali ya lutuku aliiacha. Asubuhi alitembea mpaka reli na kurudi, na kila usiku alilala saa ile ile.

Majuma yakapita. Mbiya akaanza kula, kisha kucheka. Lakini Florentine alipomtuma sabuni, chumvi na mafuta, alirudi na kitunguu.

"Unaona?" Mbiya alimwambia Lucienne kwa uchungu. "Roho imepona, kichwa hapana. Niache dawa."

"Usiache. Roho inatangulia, kichwa kinakuja nyuma. Nacho tutakifanyisha mazoezi. Anza na kidogo. Fanya kitu kimoja, kimalize, njo ushike kingine. Na uandike ku karatasi."

"Msemaji hasome karatasi."

"Pasteur iko nasoma Biblia kila dimanche. Amesahau Mungu?"

Mbiya akatafuta kalamu. Mazoezi yakaanza. Kila Jumapili alimsimulia Florentine mahubiri. Jumapili ya kwanza alikumbuka tu kwamba mchungaji alikohoa. Baadaye akakumbuka somo, kisha hoja zake, mwishowe akaanza kumkosoa mchungaji. Jioni walifanya mazoezi ya posa. Florentine alivaa kofia, akawa Kabongo, na alikuwa mbishi hata Mbiya akakasirika na kumnyima binti.

Siku ya dot ikafika. Kabongo alikaa kwa raha zake.

"Bakwe," alisema, "mbuzi yetu iko wapi?"

Watu wakainamisha vichwa. Umba akajikohoza, tayari kusimama. Mbiya akasimama kwanza. Akafungua kinywa, na mawazo yakamtoka. Safari hii hakushika neno lolote la karibu.

"Mungoje kidogo," alisema. "Niko mugonjwa wa dépression, niko natunzwa. Maneno inanikimbia, lakini sasa najua kwenye inajificha."

Akatoa karatasi mfukoni, akaisoma polepole, akairudisha.

"Mbuzi tuliahidi, na muntu muzima hakatai neno lake. Iko pale, imefungwa. Lakini ni jike, na imekulia hapa kwetu. Binti ya hapa hatoke bila dot. Muketi, tuanze na dot ya mbuzi."

Ua ulilipuka kwa kicheko. Kabongo mwenyewe alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kufikia saa ya chakula, alikuwa ameahidi mbuzi wawili na hakumbuki vizuri ilikuwaje. Gracia alilia kwa furaha na hakujificha.

Watu walipokuwa wakila, Kabongo alimvuta Mbiya pembeni.

"Ule muuguzi wenu, anakaa wapi? Ni kwa rafiki yangu moja ya Bukama. Tangu mwaka jana anasahausahau."

"Huyo rafiki analala?"

"Halali. Anazunguka mu nyumba mupaka asubuhi. Muke wangu amechoka naye kabisa."

Mbiya hakucheka. Alimmiminia maji ya kunawa, akamsogezea sahani ya samaki.

"Mwambie hajapotea," alisema. "Kesho asubuhi nitamupeleka minyi mwenyewe. Sasa kula, mukwe wangu."